Kiwanja cha Herufi

Saa nne usiku, Katuba, umeme umerudi,
na mimi nimerudi kwenye orodha ya fonti,
navaa moja, naivua,
kama mtu anayejaribu viatu dukani
na mfukoni ana nauli tu.

Hii ya kwanza nyembamba, imejipamba kama ya kadi ya harusi.
Mistari hamsini, na macho yanawasha
utadhani nimeinamia jiko la makala.
Hii nyingine inaringa. Kila g yake inazungusha mkia
kama jogoo aliyeona wageni.
Niliifuta juzi. Sitaki herufi za kutazamwa.
Nataka herufi nitakazozisahau.

Ni kwa sababu ya Kyungu, niseme ukweli.
Bohari lake la unga, barabara ya Kipushi,
programu yangu ya kuhesabu magunia,
na O moja niliyoiandika mahali pa sifuri,
zote tumbo wazi, mapacha wa kumchanganya mama yao.
Magunia mia mbili yakapotea kwenye skrini
nayo yamelala palepale, yametulia, yanatoa vumbi.
Kyungu akamwita mlinzi.
Mzee Mwepu akavua kofia,
akahesabu kwa kidole, gunia kwa gunia, mpaka jioni,
midomo ikitembea bila sauti.
Hakuna aliyemwomba radhi.
Hata mimi. Mimi nilikuwa nyumbani, nakula bukari.

Tangu siku ile natafuta sifuri yenye alama,
iliyokatwa mshazari, au yenye nukta katikati.
Natafuta l ndogo yenye mkia wa kujikunja,
I kubwa yenye kofia na viatu,
na moja yenye pua, ijulikane hata gizani.

Mama alikuwa mpiga chapa kwenye kampuni ya shaba.
Mashini yake ipo bado, chini ya kitanda,
imefungwa kwa kitenge kilichopauka.
Haina moja. Kweli, haikuwahi kuwa nayo.
Mama alipiga l ndogo mahali pa moja
na mishahara ya kambi nzima ikalipwa kwa l,
miaka kumi na saba, pasipo mtu kulala njaa kwa hilo.
Ila msomaji wake alikuwa mtu.
Wangu ni bubu, hana huruma, anaamini kila anachoona.

Kwenye mashini ile kila herufi ilipata upana mmoja,
kama nyumba za kambi alikozaliwa:
mwenye watoto tisa na kapera,
mlango mmoja, dirisha moja.
i imenyoosha miguu peke yake,
m imebanana, mabega yanagusa ukuta.
Nilimuuliza zamani, hiyo ni haki kweli?
Akasema: sijui haki. Najua mstari.
Watu wakikaa kwa mstari,
asiyekuwepo anaonekana.

Basi nimechagua ya upana mmoja.
Nimeikuza hadi kumi na tano, bila aibu,
mistari nimeiachanisha ipitishe hewa,
nyuma nimeweka weusi usio mweusi sana,
kama udongo baada ya mvua ya Novemba.

Umeme umekatika. Betri inasema dakika arobaini.
Mama ameamka kwa ukimya wa feni,
amekuja na miwani yake ya mkono mmoja,
mwingine ni uzi.
Ameinama, ameigusa sifuri kwa ukucha.
— Hii imechanjwa, amesema.
Akarudi kulala.

Nimebaki najaribu jina kwenye ukurasa mtupu.
Mwepu. Mwepu. Mwepu.
M na w zimesongamana kidogo.
Haidhuru.
Ninaweza kumsoma.