Nondo wa Ibra

Jirani anajenga. Uani kwake nondo zimelala,
milimita kumi na mbili, zinashika kutu.
Nondo wangu mimi hafiki urefu wa ukucha.

Nilimkuta angali kiwavi, ndani ya komamanga.
Nililipasua kwa ajili ya wageni:
punje zimekuwa tope, naye, wa rangi ya waridi,
ameinua kichwa
kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo.

"Mama yake hutaga hapa, tajini," akasema Bi Shinuna.
"Yai jeupe. Siku mbili tatu, limeshaona haya."

Makomamanga yakiisha, huingia tende za ghalani.
Ghala likifukizwa, hushukia wadi,
kwenye maganda ya migunga,
ambako hana mgomvi ila mbuzi.
Mimi nami nimelishwa na nyumba tatu tangu Wete.
Sijui ipi niliyoitoboa.

Nikamtia kwenye chupa ya asali, na ganda la tunda.
Akala. Akajisokotea hariri, akanyamaza.
Kitabu cha Mundhir cha sayansi chaiita hali hiyo pupa.
Nilicheka peke yangu jikoni:
pupa gani hii, isiyokula,
isiyokwenda, isiyouliza lini?

Usiku mmoja, umeme umekatika,
nikasikia kitu kinagusagusa kioo.
Kijivu. Vumbi lenye mabawa.
Siku zake zilizobaki hazifiki kumi.

Nilifungua kifuniko dirishani.
Bi Shinuna, anayevisha kila komamanga mfuko wa karatasi,
alikuwa amelala. Sijamwambia.