Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Mundhir, funga mlango, kiyoyozi chenyewe kinahema.
Nje ni digrii arobaini na saba,
na milima ya Wadi Kabir imetuzunguka
kama tanuri lililosahau kuzimwa.
Gari lako nimeliona. Viti viwili, tumbo chini,
rangi ya komamanga lililopasuliwa sasa hivi.

Unataka tabo. Unataka nguvu mara mbili
kwa mshahara wa mwezi mmoja, kwa siku nne.
Sukuma hilo sanduku la plagi. Kaa.

Injini hii imezaliwa ikivuta pumzi yenyewe.
Waliyoiunda waliipimia hewa yake, petroli yake,
wakaipa pistoni za kumiminwa, si za kufuliwa,
na konrodi nyembamba kama kigasha cha mtoto.
Wewe waniambia niibane pua, niipulizie kwa nguvu,
kisha nikuapie kwamba haitapasuka.

Na hewa gani? Hewa ya Maskati mwezi wa saba ni mchuzi.
Tabo ikiisukuma, inazidi kuchemka.
Ikifika kwenye silinda haingoji cheche,
inawaka kabla ya zamu yake.
Utasikia tik, tik, tik,
kama mtu anatikisa kopo la misumari chumba cha tatu.
Wengi huongeza sauti ya redio.

Itazame ile pistoni juu ya rafu, pembeni ya birika.
Tundu lake linapitisha ndimu.
Ilikuwa ya Qahtan, kijana wa Al Khoud.
Aliitaka kabla ya Idi, nami nilimpa.
Rejeta ya oili, akasema, tutaiweka baada ya sikukuu.
Nikajibu inshallah,
neno ambalo fundi hapaswi kulishika mahali pa spana.

Usiku wa Idi mosi alipanda Akaba ya Amerati,
mdogo wake kiti cha pili.
Kona ya nne konrodi ikatoka ubavuni mwa bloku,
oili ikamwagika chini ya matairi yao wenyewe.
Walipona, alhamdulillahi, wote wawili.
Aliponipigia simu hakunigombeza.
Alisema tu, "Fundi, imenyamaza."
Kila boneti ninayofungua, nalisikia neno hilo.

Basi. Nusu ya presha uliyoiomba.
Intakula kubwa mbele, hata ikiliharibia gari sura.
Nozeli mpya, pampu mpya, rejeta ya oili kabla ya yote.
Klachi uliyonayo itaungua, utanusa nywele wiki nzima.
Na breki, mwanangu, hukuzitaja kabisa.
Miaka kumi na tisa watu wananieleza watakavyokwenda,
sijampata anayenieleza atakavyosimama.
Wiki sita. Bei nimeiandika nyuma ya hii risiti.
Ngoma ikivuma sana, malizia mwenyewe.

Aliondoka bila kunywa chai.
Nikadhani amekwenda kwa yule wa Ghala
anayefunga tabo kwa siku mbili na kutoa fulana ya bure.

Alirudi mwezi wa tisa, na pesa kwenye bahasha ya benki.

Tulipoijaribu ilikuwa alfajiri, barabara ya Kuriyati.
Sitasema ilikimbia vipi. Nina watoto.
Nitasema kwamba sindano ya joto haikutikisika,
na kwamba mimi, si yeye, ndiye niliyecheka.

Mbele ya gereji akashika ufunguo.
Nikamshika mkono. Ngoja.
Tabo bado inazunguka, nyekundu kama kaa la bakhuri.
Ukizima sasa, oili itagandia humo iwe mkaa.
Dakika mbili.

Tukakaa, watu wawili wasio na la kuzungumza.
Paka wa jirani akapita.
Mundhir akaniambia mama yake anadhani
amebadilisha betri tu.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.

Sasa, nikasema.
Akageuza ufunguo. Ikanyamaza.
Safari hii kwa sababu tumeiambia.