Maneno Sitini

Wilaya imenipa pikapu, ngazi, spana namba kumi na tatu,
kopo la rangi ya kahawia na orodha ya vibao ishirini na viwili.
Kila Mei, theluji ikishaiachia barabara,
nazunguka bonde zima nikikaza skrubu za historia.

Kibao cha kwanza kiko penye daraja la Ellerby.
Kinasema ziwa liligunduliwa na mpima ardhi
akalipa jina la mkewe, Adelina,
aliyebaki ng'ambo na hakuwahi kulitia machoni.
Bi Rosalie Paquin, ambaye ukoo wake ulivua hapa
kabla babu wa huyo mpima hajajua kuhesabu,
hupita na mbwa wake, husoma, hucheka.
"Liligunduliwa! Kwani lilijificha?"
Jina la mwanzo analijua. Niliwahi kumwomba aniandikie.
"Njoo na muda," alisema, "usije na spana."

Cha tano, mgodi wa fedha.
Cha tisa, hoteli iliyoungua mara tatu,
na mara zote, wasema wenye midomo, bima ilikuwa mpya.
Cha kumi na moja, stesheni isiyo na reli.
Saa yake imegota saa nne na robo;
wageni huipiga picha kwa huzuni, wakidhani ni ukumbusho wa maafa.
Ni betri tu. Mwaka juzi nilisahau kuibadilisha.

Kila kibao maneno sitini, hayazidi. Ndiyo kanuni ya kamati.
Mgodi ulimeza wanaume thelathini na mmoja:
piga hesabu, hata maneno mawili hayamfikii kila mtu.

Vuli iliyopita alikuja mzee Teruo Kitade,
miaka themanini na saba, na mjukuu wa kumshika mkono.
Mkono aliukataa.
Aliingia kwenye shamba la tufaha lililoachwa nyuma ya uwanja wa maonyesho,
akachokoa nyasi kwa fimbo kama atafutaye sarafu.
"Hapa mlango. Hapa tulipanga viatu."
Fimbo ikalia juu ya saruji.
Akaketi, suruali nzuri na yote, ndani ya mraba wa magugu.
"Bafu," akasema.

Mwaka wa arobaini na mbili serikali iliwatoa pwani
kwa kosa la kufanana na adui.
Mashua ya baba yake ikauzwa bila yeye kuulizwa bei.
Huku wakapewa mabanda ya mbao mbichi;
usiku misumari iliota barafu kwa ndani.
Basi wakakusanya mawe, wakachonga mierezi,
wakajenga bafu kabla hawajajenga kitu kingine.
Mama yake alimsugua mgongo, kisha akamzamisha hadi kidevuni:
"Hesabu hadi mia, ndipo utoke."

Mzee akaanza kuhesabu, kwa Kijapani, pale pale nyasini.
Mjukuu akatazama saa, akaona haya, akaiteremshia mkono wa koti.
Tulisubiri. Mia ni ndefu.

Kamati ilibishana majira yote ya baridi.
"Walihamishwa" au "walifungwa"? Kikao kizima kwa kitenzi kimoja.
Mwisho Bi Ingeborg Tveit akanipa karatasi:
tarehe, idadi, jina la sheria, idadi ya mabanda.
Sentensi ya mwisho: *Wakajijengea bafu la maji.*
Nikahesabu kwa kidole. Hamsini na tisa.
Nikampigia mzee simu, limebaki neno moja, alitaka lipi?
Kimya. Nikasikia bomba likifungwa huko kwake.
"Moto," akasema. "Mwishoni kabisa. Maji moto."

Leo nimekikaza, skrubu nne, kibao cha ishirini na tatu.
Hakuna aliyekuwapo ila kunguru na trekta ya mbali.
Nikakaa kwenye saruji, baridi ikanipanda mifupani,
nikahesabu kwa sauti ndogo, nikiona aibu.
Sikufika mia.
Mvua ilianza, na ngazi ilikuwa nje.