Vitobo

Waliingilia kwenye kifundo cha mkono.
Waya mwembamba, kama uzi wangu wa kushonea kofia,
ukapanda mpaka moyoni mwa Suud
kwa muda usiotosha kuchemsha kahawa.
Kiooni nikauona moyo wake kwa mara ya kwanza
baada ya miaka thelathini na nane ya ndoa:
mti mweusi usio na majani, unarukaruka.

"Mishipa mikubwa safi," alisema Daktari Thuraya.
"Sijaona kizuizi hata kimoja."
Nikasema alhamdulillahi, nikaanza kumtafutia viatu.
Suud hakuinuka.
"Basi hiki kinachonibana ni nini?"

Mimi jibu nilikuwa nalo siku zote.
Ule moshi.
Sufuria ya shaba upana wa kitanda cha mtoto,
kuni za samuri zikipasuka chini yake,
na yeye na mwiko mrefu kumshinda kimo,
saa mbili, saa tatu, hapumziki,
maana halua haimsubiri mtu, ukiiacha inashika chini.
Nizwa nzima ikala Idi tamu.
Mashuka yangu yakanuka zafarani na masizi,
na kikohozi kikaingia naye mlangoni,
kikavua viatu
kama mtu wa nyumbani.

Daktari hakutafuta maneno makubwa.
"Kwenu kuna falaji?"
Nani wa Birkatul-Mawz asiye na falaji!
"Mfereji mama ukijaa, shamba limekwisha kunywa?"
Suud akacheka. Kicheko kile kilimgharimu dakika nzima,
ameshika ukingo wa kitanda.
Hapana. Maji hufika mizizini kwa vijifereji
ambavyo mgeni havioni, huvikanyaga tu.

"Mapafu yamechakaa," akasema,
"hewa inayovuka kuingia damuni ni haba.
Na ule moto wa kifuani haukai kifuani,
husafiri na damu.
Mishipa midogo iliyojificha ndani ya nyama ya moyo
kuta zake zimekakamaa.
Akiketi, kinachopita kinamtosha.
Akipanda ngazi moyo unadai zaidi,
na vilango vinagoma."
"Na picha?"
"Picha haifiki huko."

Nakiri, maana hapa hanisikii:
mwaka jana, kutoka getini kwetu mpaka msikitini
alisimama mara tatu,
akijifanya anautazama mtende wa jirani.
Nikamwambia, Suud, unajizeesha.
Nikatangulia.
Nilisikia kandambili zake nyuma yangu, kisha sikuzisikia,
na sikugeuka.

Siku hizi Mundhir anapikia gesi.
Wateja wa zamani wanaonja, wanatazamana,
wanalipa.
Baba yake alilamba kijiko, akafumba macho.
"Haina moshi," akasema,
na mpaka leo hatujui kama alisifu au alilalamika.

Usiku mashine ya hewa inanguruma pembeni mwa kitanda,
mrija umempita puani kama kipini cha bibi harusi.
(Nilimwambia hivyo. Akasema, mahari uliilipa lini?)
Mimi nakaa chini ya taa
na kofia yake ya Idi gotini.
Kofia ni vitobo. Asiyeshona huona maua,
sisi tunahesabu matundu,
kila tundu kuzungushiwa uzi, pole pole,
lisifumuke, lisizibe.
Ukiwa na hasira unavuta sana, linajifunga,
na kichwa cha mwenye kofia kitatoka jasho
bila yeye kujua kosa ni la nani.

"Umefika vingapi?" anauliza gizani.
"Lala."
"Vingapi?"
Ninapoteza hesabu kila pumzi yake inapochelewa.
Inarudi.
Nalegeza uzi,
naanza upya pale nilipokosea.