Ratiba ya Likizo, Namakwekwe

Shule ilifunga Ijumaa. Jumatatu alfajiri
nikaigeuza mgongo kalenda ya mwaka unaokwisha,
nikapiga mistari kwa rula yangu ya kushonea:
saa moja, kufagia. Saa mbili, uji.
Saa tatu, kusoma kwa sauti, kila mtu na ukurasa wake.
Saa tano, maji. Saa saba, chakula, kisha kimya.
Nikaibandika ukutani kwa posho iliyobaki sufuriani.

Siku ya kwanza walikuwa jeshi.
Wanyenze alipuliza kifuniko cha kalamu kama filimbi,
Khainza akafagia hadi ua wa jirani,
na Mugide, asiyejua saa, akauliza
"Ni saa tano?" "Ni saa tano?"
mpaka ikawa saa tano.

Siku ya pili ikanyesha.
Ratiba yangu haikuwa na safu ya mvua.
Walijilaza chini ya cherehani wakihesabu
maporomoko yanayoteremka Wanale kama nyuzi nyeupe.
Saba, alisema mmoja. Tisa, alisema mwingine.
Wakapigania ile ya nane.

Jumatano usiku panya alikula saa tatu yote
kwa kupenda posho, si kwa kuchukia masomo.
Hakuna mtoto aliyelia.

Alhamisi shemeji akaleta debe la kahawa kutoka Budadiri.
Nikawaambia: nzima huku, zilizotobolewa kule.
Hata uji haujapoa, kahawa ilikuwa fedha:
Khainza benki, Mugide mdaiwa sugu,
Wanyenze na daftari, akitoza riba
kwa hesabu zilezile nilizomfundisha kwa machozi,
yake na yangu.
Sikusema neno. Nilikuwa na sare ishirini na sita,
Februari haisubiri mtu,
na vifungo viwili vilikuwa vimeshaingia benki.

Jumamosi, nikizima taa, nikaona
mstari mpya chini kabisa, wa penseli,
herufi S imegeuka nyuma kama kuku aliyekasirika:
saa kumi mama akae.

Sijamuuliza mwandishi.
Jumapili saa kumi nilibeba kigoda nje,
nikakaa. Wakanitazama, nikawatazama.
Dakika tano, labda sita,
na mguu wangu wa kulia ukitafuta pedali mavumbini.