Mwamba Ngoma

Vitabu vitatu juu ya meza ya jikoni.
Tampere, Februari, saa tisa mchana na taa nimeshawasha.
Cha Urpo kina jalada gumu na picha ya kidevu chake.
Cha Kauko kimechapwa kwa pesa zake mwenyewe,
kinanuka gundi, kurasa zinachomoka.
Cha Taisto kimekuja kwa posta, na saini:
kwa Tuulikki, dada wa rafiki yetu.
Jina langu kakosea, kala k moja.

Nina penseli. Miaka thelathini na moja
nilikagua hesabu za kiwanda cha viatu;
najua tarakimu inavyodanganya kwa uso mkavu.

Tuanze na usiku wa meli ya kwenda Stockholm.
Urpo, ukurasa wa mia mbili kumi na mbili:
gitaa jekundu alilitupa baharini yeye,
kwa ajili ya mapenzi, na upepo ulikuwa "wa kihistoria".
Kauko, mwenye gitaa: halikutupwa, liliibwa.
Mwizi anamjua, ila wakili kamkataza kumtaja.
Anamtaja ukurasa unaofuata: Taisto.
Taisto hakumbuki gitaa lolote.
Anakumbuka supu ya njegere, na kwamba aliyelipa ni yeye.

Na ule wimbo uliowalisha, nani kautunga?
Urpo aliuota, akaamka nao kooni kama mwiba wa samaki.
Aliuota, asema Kauko, kwa sababu mimi
nilikuwa nikiupiga chumba cha pili tangu alfajiri.
Taisto: ondoa besi yangu uone kama nyumba haianguki.
Jana nikifua niliusikiliza tena.
Haianguki.
Inayumba, lakini.

Mke wa Kauko ana majina matatu kwa vitabu vitatu:
Marjatta, kosa, yule mrefu.
Mwenyewe yuko Kuopio, anafuga nyuki. Hakuulizwa.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.
Haya. Lakini aliyewamba ngoma hasa alikuwa ndugu yangu,
Ilpo, kifunguo kidogo shingoni, magoti sakafuni,
parafujo hii nusu mzunguko, kisha ile inayoikabili,
agonge kwa kidole, atege sikio, alegeze kidogo,
mpaka ngozi isijue upande wa mtu yeyote.

Urpo kampa mistari kumi na mmoja.
Kauko, tisa; kamwita "mwamba wetu",
sifa ya kumpa mtu usiyewahi kumuuliza hali.
Taisto kampa ukurasa mzima: mazishi,
theluji juu ya jeneza, na jinsi Taisto alivyolia.
Theluji ipi? Ilikuwa Juni.
Mbu walituuma hadi kasisi akajizaba kofi
katikati ya amina.

Ilpo hakuandika kitabu. Aliacha daftari la petroli,
la kijani, limefungwa kwa mpira.
Oulu, lita arobaini na sita.
Pori, lita thelathini na moja, na tairi la nyuma.
Taisto kakopa hamsini. Kauko kakopa mia mbili.
Urpo kakopa mia tano, asidaiwe, mama yake mgonjwa.
(Katika kitabu cha Urpo hakuna mama.)

Na tarehe ya meli, kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi:
Gitaa jekundu, limeuzwa, mia tisa.
Petroli ya kurudi.
Nimwambie Kauko kesho.

Nimeisoma mara nne.
Kesho yake ni Turku, lita thelathini na nane, mvua.
Keshokutwa, betri.
Nimefungua hadi mwisho, hadi kurasa tupu,
nikazipekua na zile tupu.

Miaka arobaini Kauko hasemi na Taisto.
Namba yake ninayo, imebandikwa kwenye friji
tangu Krismasi alipopiga kuuliza kama nimekisoma.

Nje greda linapita, linasukuma theluji yote
upande wa jirani.
Simu iko ncha ile ya meza.
Daftari liko katikati.
Nalivuta kwangu.