Upepo Uliogeuka

Ndoo moja ya kokoto, shilingi mia tano.
Fundi Ntakije anataka arobaini kabla ya Ijumaa,
na mimi, Butoyi, nimekaa Bangwe chini ya kilima
na nyundo ya mpini wa mkaratusi,
vidole viwili nimevifunga mpira wa baiskeli.

Leo jiwe moja halikupasuka.
Lilifunguka,
kama chapati ya Idi,
tabaka likiachana na tabaka bila ugomvi.

Ndani yake, mikunjo.
Midogo, imepangana, imepinda kidogo mwishoni,
ile ile ninayoikanyaga Kibirizi alfajiri
maji yakiwa ya goti na upepo umelala.
Nikaweka kiganja. Pakavu. Pana ukali wa msasa.
Hapa palikuwa ufukoni,
na hapakuwa na mguu wa kupakanyaga.

Sikusoma mbali, lakini mto naujua.
Luiche ukija masika ni mwekundu,
umebeba shamba la mama kule Simbo
kipande kwa kipande, bila hati, bila shahidi.
Changarawe huchoka kwanza, hubaki kwenye kona.
Mchanga husogea mbele kidogo, nao hukaa.
Tope laini, lile la kufinyangia vyungu,
hilo halina haraka:
huelea hadi kilindini, chini kabisa ya taa za dagaa,
hushuka usiku, hushuka mchana,
la juu likimkamua la chini maji yake
mpaka chembe zishikane
na hakuna wa kuzitenganisha ila mtu kama mimi,
kwa mia tano.

Wanaozamia nyavu zilizonasa wanasimulia
sakafu nzima ya magamba ya konokono,
konokono wenyewe walikufa zamani,
chokaa imeyashika kama saruji,
na samaki wadogo wamepanga vyumba ndani ya wafu.
Kodi hawalipi.

Ziwa lilipopanda,
nyumba ya pacha wangu Bukuru, pale Katonga,
ilikaa majini misimu mitatu.
Lilipojirudi tukaenda na majembe.
Sebuleni, tope la vidole vinne.
Ndani ya tope: ndala ya kushoto,
kitana, kifuniko cha sufuria,
na unyayo wa bata, umekaa vizuri
kuliko muhuri wa ofisi ya kata.
Pale jembe lilipokata niliona mistari,
mwekundu wa mvua, mweupe wa kiangazi,
mwekundu, mweupe,
na mmoja mweusi ambao hatukujua ni wa nini.

"Tungechelewa kidogo," Bukuru akasema,
"ndala yangu ingekuwa jiwe."
"Kidogo gani?"
Akaendelea kuchimba.

Nimeijaribu hesabu hiyo, nikiwa na nyundo mkononi.
Vidole vinne, misimu mitatu.
Nikaongeza vidole vyangu, vya Bukuru,
vya wapangaji wote wa Katonga,
na kilima bado kilikuwa kimenizidi kimo,
nikafika mahali namba hazina majina.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kuhusu kilima hawakusema kitu.

Jiwe la mikunjo nikalificha chini ya kanga.
Nilitaka liwe kizingiti cha Bukuru,
watoto wafute miguu juu ya maji ya kale.
Saa saba simu ikalia.
Thelathini na nane, nikamwambia Ntakije.
Akasema lori linakuja saa tisa, na nusu ndoo hanunui.

Nilizunguka kilima. Nikarudi.
Nikalitoa kwenye kanga.

Nyundo ilipotua likafunguka tena,
na chini ya mawimbi
palikuwa na mawimbi mengine,
membamba zaidi, yameelekea upande wa pili:
siku ile, kumbe, upepo uligeuka.

Nikakaa nayo kidogo.
Kisha ndoo ya thelathini na tisa.